Vyumba Vitupu Arobaini na Nane

Mtu akiniambia haraka haraka haina baraka, huwa natamani kumrushia kitu. Si kwamba methali ni ya uongo. Ni kwamba wanaoisema kwa kawaida hawajawahi kuamrishwa na mtu mwenye bastola kiunoni kwamba kazi ya wiki iishe kabla ya adhuhuri. Mimi niliamrishwa. Nikatafuta njia ya kuharakisha, nikaipata, nikajivuna nayo kweli kweli, na njia hiyo ikampeleka sajenti mmoja, mpiga tarumbeta, mahali ambapo hakurudi. Hasira iliyo humu inawahusu wengi, lakini fungu kubwa ni langu. Msomaji asinihurumie, sikuandika kwa ajili ya hilo.

Nilizaliwa Kisenyi katika nyumba ya maalim. Babu yake baba alifika Buganda na msafara wa watu wa pwani, akaoa, akafungua chuo cha Kurani, na tangu hapo ukoo wetu umekuwa wa watu wa wino. Baba alinishikisha kalamu ya tete kabla sijajua kukoroga uji. Nikikosa herufi moja alinifutisha ubao mzima, nianze upya. "Aliyekosa herufi moja," alikuwa akisema, "hajaandika." Nilipofika miaka ishirini, hakuna harusi wala duka katika mtaa wetu lililopata kadi au kibao bila mkono wangu kupita.

Kibao kimoja ndicho kilichomleta Mwalimu. Alikuwa Muganda wa Lubaga, Mkatoliki, aliyefundishwa kinanda na mapadri akiwa mdogo, kisha akapelekwa ng'ambo kusomea muziki. Jeshi lilikuwa limemchukua aongoze bendi kubwa: askari wa tarumbeta na ngoma, na siku za sherehe wakiongezewa wapiga fidla na filimbi kutoka makanisani na mashuleni. Alikiona kibao cha duka la vitambaa, akauliza nani kaandika, akaja hadi mlangoni kwetu, akavua viatu.

"Maalim, ssebo," alimwambia baba kwa adabu ya Kiganda, "mimi natafuta mkono, sitafuti mtu ya kucheza ngoma. Mtoto yako ataandika tu."

"Ataandika nini?"

"Nota, ssebo. Kwa kalatasi. Ataona kama ni maandiko tu."

Baba alifikiri siku tatu. Siku ya nne alisema wino ni wino, niende, ila nivae vizuri na nirudi kabla ya magharibi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwalimu akitunga, anaandika kitabu kikubwa ambacho katika kila ukurasa vyombo vyote vimepangwa kimoja juu ya kingine, filimbi juu, fidla chini. Hakuna mpigaji anayeweza kupiga akisoma kitabu hicho. Lazima mtu akae, atoe mstari wa filimbi peke yake auandike kwenye karatasi za filimbi, kisha wa tarumbeta, kisha wa kila mmoja, mpaka vyombo arobaini vipate mafaili arobaini. Nota hukatwa kwa vijistari wima vinavyozigawa katika visehemu vilivyo sawa. Sisi tuliviita vyumba. Chombo kikiwa kimya, mwandishi hachori vyumba vitupu kimoja kimoja, angekesha. Huchora ufito mmoja mnene, na juu yake namba. Ukiona ishirini, maana yake nyamaza vyumba ishirini, ukihesabu, kisha ingia.

Mwanzoni tulikuwa waandishi watatu. Mmoja alikuwa mzee wa Kigoa, mwenye mkono mzuri kuliko wangu. Aliondoka na sanduku moja mwaka ambao Wahindi waliamriwa kuondoka, akaniachia rula yake. Wa pili alikuwa Mkenya kutoka upande wa Kisumu, mtu wa kanisa, aliyeimba sauti ya chini huku akiandika. Wakenya walipoanza kusimamishwa njiani na kuulizwa maswali, asubuhi moja alipanda basi la mpakani Busia, hakurudi kuchukua hata koti lake. Nikabaki mimi na kazi ya watu watatu. Hakuna aliyeniuliza nitaifanyaje.

Ndipo ikaja amri ya muziki mrefu. Kapteni aliyesimamia bendi ndiye aliyeileta. Hakujua nota hata moja, lakini alijua anachotaka. Siku kuu ya jeshi ilikuwa inakaribia, wageni wa nchi nyingine wangekuwepo, na muziki ulipaswa kuchukua dakika arobaini bila kusimama.

"Iwe mrefu kushinda ya nchi ingine yote," alisema.

Mwalimu akatunga. Nasema kweli, alitunga vizuri, ndiyo maana iliuma. Kila jioni ya mazoezi Kapteni alikaa kwenye kiti mbele ya bendi, karanga mkononi, akasikiliza, kisha akaamua. Hapa ongeza ngoma. Hapa toa filimbi, zinapiga kelele kama ndege. Hapa rudia mara mbili. Mwalimu alijibu ndiyo afande, akaja kwangu na kitabu chake akiwa hanitazami usoni.

Mtu asiyejua kazi atadhani kubadilisha vyumba vinne ni jambo dogo. Ukiongeza vyumba vinne katikati ya muziki, kila kinachofuata kinasukumwa, mstari haumaliziki pale pale, ukurasa haugeuki pale pale, na mafaili arobaini yanaandikwa upya kuanzia hapo hadi mwisho. Siku nne za kazi. Na siku ya pili Kapteni keshabadilisha kitu kingine. Nililia mara moja tu, kwa hasira, wino ukanimwagikia kwenye gauni. Kisha nikajiambia mwanamke aliyefutishwa ubao utotoni kila siku hawezi kushindwa na mla karanga.

Kwanza nilitengeneza kalamu. Jirani yetu alikuwa na gereji, nikamwomba mabomba membamba ya shaba ya breki, akayakata vipande vitano, akavitandaza, akaviunganisha kwa risasi ya kuyeyusha kwenye kijiti kimoja. Nikawa nachovya mara moja, navuta mara moja, na mistari yote mitano ya nota inatoka pamoja. Mwalimu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo nilimpenda kama baba.

Kisha nikaukata muziki. Niliugawa katika sehemu ishirini na tatu, nikasema kila sehemu ianze karatasi mpya kwa kila chombo, na karatasi zisishonwe, zifungwe kwa uzi tu. Kapteni akigusa sehemu ya tisa, nachomoa ya tisa, naandika ya tisa, narudisha. Kuanzia ya kumi hadi ishirini na tatu haziguswi.

"Nnyabo, bibi wee, utamaliza kalatasi," Mwalimu alilalamika. Karatasi nzuri wakati ule ilipatikana kwenye maduka ya Kikuubo nyuma ya magunia ya unga, kwa kunong'onezana.

"Karatasi utaipata tena, Mwalimu. Siku utazitoa wapi?"

Akaenda kutafuta karatasi.

Halafu nikapata hila ya tatu, ile iliyonifanya nitembee Kisenyi kichwa juu. Niligundua kwamba katika kila sehemu nusu ya vyombo huwa kimya. Kwa nini nimwandikie karatasi mtu asiyepiga? Kimya chake nilikijumlisha mwishoni mwa karatasi yake iliyotangulia, namba moja tu juu ya ufito, basi. Sehemu ikibadilika, nawaandikia upya wanaopiga humo. Asiyepiga, simgusi. Kazi ya siku nne ikawa ya nusu siku. Kapteni akabadilisha, nami nikampa kabla hajamaliza karanga zake.

Msomaji makini ameshaliona tundu. Asiyepiga hapigi, lakini anahesabu. Ukikata vyumba katika sehemu ambayo yeye yuko kimya, namba yake lazima ikatwe pia, la sivyo ataingia baada ya wenzake kumaliza. Mimi nililiona tundu hilo siku ya kwanza. Nilikuwa na daftari la wanyamavu, nani yuko kimya wapi, na kila mabadiliko yalipokuja nililipitia, nikafuta namba na kuandika nyingine. Mara tisa nililipitia bila kukosea. Sikuwa mjinga. Hilo ndilo linalonikera zaidi, maana mjinga angesameheka.

Sajenti alikuwa kiongozi wa tarumbeta nne. Mtu wa kaskazini, mwembamba, mpole kupita askari yeyote niliyewahi kumwona, na alikuwa na tabia ya kuchezesha midomo akihesabu. Siku moja katika mazoezi aliingia kwa kusikiliza, kama muziki ulivyokuwa jana yake, wakati Kapteni alikuwa ameshaubadilisha. Kapteni alimrusha kichurachura kuzunguka uwanja, tarumbeta kichwani, mbele ya wanafunzi wa fidla waliokuwa wa umri wa watoto wake. Alipomaliza alikuja mezani kwangu akihema.

"Dada, mimi nasikia na masikio, naingia mbaya. Nifanye nini?"

Nikamjibu, na maneno hayo nayakumbuka moja moja: "Sajenti, masikio yaache nyumbani. Hesabu kilichoandikwa. Usimfuate mtu, hata Mwalimu. Mwalimu akikupungia mkono, wewe soma karatasi. Mimi sikosei."

Akacheka. "Sawa dada. Nitafuata karatasi."

Kuanzia hapo hakuingia vibaya hata mara moja. Wengine wote walichanganyikiwa na mabadiliko, yeye alisimama na midomo yake, akahesabu, akaingia. Nilikuwa nikimwonyesha Mwalimu kwa kidole: unaona?

Asubuhi ya sherehe yenyewe bendi ilipiga mara ya mwisho. Katika sehemu ya ishirini na moja fidla zilikuwa peke yao, polepole, vyumba arobaini na nane, tarumbeta zikiwa kimya muda wote huo. Kisha tarumbeta nne zingeita zenyewe kutoka juu ya paa la jukwaa, na kwa mwito huo Mkubwa, mtawala wa nchi mwenyewe, angeinuka kupokea saluti. Kapteni aliinua mkono katikati ya fidla.

"Hii inalia kama matanga. Nani amekufa? Kata."

"Afande," Mwalimu alisema, "leo ni leo. Watu wataingia mbaya. Tuache hivi hivi."

"Nimesema kata. Saa sita iko tayari."

Mkono usioweza kuukata, ubusu, ndivyo wanavyotufundisha. Mwalimu akaubusu. Akakata vyumba kumi na sita, vikabaki thelathini na viwili, akaniletea kitabu. Niliketi nikaandika karatasi za fidla, za fidla kubwa, na za filimbi mbili zilizokuwa na nota chache mwishoni. Nilimaliza saa tano na nusu. Nilikuwa nimewahi! Meza ilikuwa nyeupe, hakuna faili lililobaki, nikafunga wino na kunawa mikono.

Meza ilikuwa nyeupe kwa sababu wapiga tarumbeta walikuwa wamepelekwa mapema juu ya paa kuzoea mahali, pamoja na mafaili yao, hata habari ya mkato hawakuisikia. Siku zote mafaili yalikaa mbele yangu kwa mafungu, na fungu la tarumbeta lilipokuwa halijaguswa lilinitazama. Siku hiyo hapakuwa na kitu cha kunitazama. Daftari la wanyamavu lilikuwa ndani ya mkoba, nami sikulifungua. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta kwa miaka, hakuna.

Alasiri uwanja ulijaa. Mimi nilikaa chini nyuma ya ngoma na chupa ya wino na pini, tayari kwa karatasi ikichanika. Muziki ukaenda, dakika baada ya dakika, ukaenda vizuri kuliko mazoezini. Watu wa nje walipiga makofi mahali pasipopaswa, Mwalimu akatabasamu. Fidla zikaanza sehemu ya ishirini na moja. Zikapiga vyumba vyao thelathini na viwili, zikashuka, zikanyamaza.

Mwalimu akainua mkono wa kushoto kuelekea paani. Kimya.

Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji kuona karatasi.

Kule juu, na kelele ya maelfu ya watu chini, hakuna fidla iliyosikika. Walichokiona ni kijiti cha Mwalimu tu kikipiga, moja mbili tatu nne. Na Mwalimu, kwa hofu ya kusimama mbele ya wakubwa bila kufanya lolote, aliendelea kupiga kijiti hewani akingoja waingie, huku mkono wa kushoto ukiwaita. Sajenti aliuona mkono, sina shaka. Lakini alikuwa ameambiwa asimfuate mtu. Akahesabu. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Sikuweza kupiga kelele, nani angenisikia, na hata ningesikika ningepigwa risasi.

Mkubwa alichoka kungoja. Akainuka mwenyewe, akaifuata mikrofoni, akakohoa, akafungua karatasi yake. Alipofungua kinywa, tarumbeta nne zikalipuka juu ya kichwa chake.

Walinzi hawakujua ni muziki. Mmoja alimsukuma Mkubwa chini nyuma ya viti, kofia ikabiringika mbele ya mabalozi, wengine wakaelekeza bunduki paani. Na Sajenti, Mungu amrehemu, akapiga mwito wote hadi mwisho, kwa usahihi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Nusu saa baadaye tulisimama nyuma ya jukwaa chini ya turubai: Sajenti, Mwalimu, mimi, na askari wanne ambao sikuwafahamu. Kapteni aliogopa kuliko sisi, na mtu wa namna hiyo akiogopa lazima atafute wa kumtupia lawama. Kofia ya Mkubwa ilikuwa imeanguka, basi lazima mtu aanguke.

"Nani alikuambia kupiga? Ilikuwa alama ya nini? Alama ya nani?"

"Hakuna alama, afande," Sajenti alisema. "Karatasi inasema arobaini na nane. Mimi nimehesabu arobaini na nane."

"Mwalimu anasema thelathini na mbili."

"Karatasi inasema arobaini na nane, afande."

Kapteni akaipokonya karatasi, akanijia. Aliishikilia mbele ya uso wangu karibu kiasi kwamba niliona nyuzi za karatasi.

"Wewe naandika hii?"

"Ndiyo, afande."

"Iko sawa?"

Namba ilikuwa pale, nne na nane, kwa mkono wangu, safi, hata kidogo haikufutika. Mwalimu alisimama bega kwa bega nami na kitabu chake kwapani. Aliiona. Kapteni hakujua nota, lakini namba alijua, na kati ya namba nyingi za karatasi ile, kama ningemwonyesha moja tu angeelewa yote.

"Iko sawa, afande," nilisema. "Ni yeye aliyekosa hesabu."

Sajenti akanitazama. Nilitarajia chuki, na chuki ningeweza kuibeba. Alichofanya ni kukunja uso kidogo, kama mtu aliyeambiwa kitu na mtu anayemwamini, na midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anahesabu upya. Walimshika mikono wakamtoa, na hadi anapita kona ya jukwaa midomo ilikuwa bado inacheza.

Kapteni aliitupa karatasi chini. Mimi niliiokota.

Tulirudi kwa miguu, Mwalimu na mimi. Karibu na kona ya Kisenyi akanong'ona.

"Nnyabo, ungesema, wangechukua wewe, na mimi, na yeye pia hawangeacha. Mmoja ni kidogo."

"Kidogo kwa nani?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza. Kitabu ulikuwa nacho kwapani, Mwalimu. Kidogo kwa nani?"

Akaendelea na safari ya Lubaga bila kuaga. Nimesikia wengi wakimsifu, na kweli alitulinda mara nyingi, alificha watu, alitoa chakula chake. Lakini siku ile alikuwa na mdomo kama mimi, na sisi wawili tuliufunga. Simsamehe, kama nisivyojisamehe.

Nyumbani nilimweleza baba yote. Nilitaka anifutishe ubao. Nilitaka aniambie niende kambini, au aende yeye, au angalau alie. Alifunga mlango, akasema, "Funika kombe, mwanangu, mwanaharamu apite." Mtu yule yule! Kwa herufi moja utotoni alinifanya nianze sura upya, na kwa namba iliyomla mtu akaniambia nifunike. Alikuwa anaogopa, najua. Nilikuwa na haki ya kumwelewa na nikakataa, na tangu siku hiyo sikumwonyesha tena kitu nilichokiandika.

Na mimi, baada ya yote hayo? Nikarudi kazini Jumatatu. Niliiandikia bendi ile miaka mingine miwili. Mwalimu akawaleta vijana wawili kutoka seminari niwafundishe njia yangu, karatasi kwa sehemu, asiyepiga usimguse, na wakasema ni ya ajabu, wakashangaa kwamba imetungwa na mwanamke wa Kisenyi. Niliwafundisha pia daftari la wanyamavu. Wakauliza kwa nini nalisisitiza hivyo, nikawaambia waandike na wanyamaze. Kapteni naye siku moja hakuonekana tena mazoezini, wakamleta mwingine. Sikusikitika hata kidogo.

Serikali ile ilipoanguka na askari wake kukimbilia kaskazini, nilifungua duka dogo la daftari na wino upande wa gereji. Asubuhi moja akaingia mwanamke mrefu na wana wawili, mmoja akiwa tayari amemzidi kimo. Hakutaka kiti.

"Wewe ndiyo ulikuwa naandika karatasi ya bendi?"

"Ni mimi."

"Mzee ya kinanda kule Lubaga ndiyo ametuma mimi kwako. Mimi bibi ya Sajenti." Alisema hivyo tu, bila jina, kama vile sajenti alikuwa mmoja duniani. "Kule kambini walisema bwana yangu hakujua kuhesabu. Mpaka leo wenzake wanasema. Hawa watoto wanasikia. Sikuja kuuliza yeye iko wapi, hiyo najua. Nauliza kitu moja tu. Alikosa hesabu?"

Karatasi ilikuwa ndani ya bati, chini ya leseni ya duka. Niliitoa, nikaitandaza juu ya kaunta, nikamweleza kila kitu, meza nyeupe, paa, turubai, na swali la Kapteni. Nikafika kwenye jibu langu, nikalisema. Wanawe walitazama chini. Yeye alinizaba kofi lililonipeleka hadi kwenye rafu, daftari zikaanguka. Kisha akaweka mikono juu ya kaunta.

"Namba iko wapi?"

Nikaweka kidole. Akainama, akaitazama muda mrefu, akawaita wanawe nao wakatazama.

"Kwa hivyo alihesabu sawa."

"Alihesabu sawa sawa. Hakukosa hata kimoja."

"Andika," akasema. "Andika na mkono yako. Weka sahihi."

Nikachukua karatasi nzuri. Nikaandika kwamba Sajenti, kiongozi wa tarumbeta, alipewa karatasi yenye makosa, kwamba makosa yalikuwa ya mwandishi, na kwamba yeye alihesabu kama alivyoandikiwa. Mistari mitatu. Nilikuwa nimezoea, iliisha upesi. Yule mwana mkubwa akamsomea mama yake kwa sauti.

"Haitoshi," mama akasema.

"Niongeze nini, mama?"

"Andika vile uliulizwa. Halafu andika vile ulijibu."

Akavuta kiti nilichompa mwanzoni, akaketi mlangoni. Wateja walikuja wakageuka. Nilichovya kalamu, ikakauka, nikachovya tena. Ilikuwa sentensi mbili tu, na zilinichukua hadi adhana ya adhuhuri, naye hakuinuka wala kunihimiza.